Kikohozi cha Mkwe

Uso wake siujui. Nikiulizwa leo pua yake ilikuwaje, au kama alikuwa na mwanya, sina la kujibu. Lakini visigino vyake navijua vizuri. Cha kushoto kilikuwa na ufa mrefu uliojaa udongo mweusi wa bondeni, udongo usiotoka hata ukisugua kwa jiwe. Cha kulia kilikanyaga kwa ukingo wa nje, kama mtu anayekwepa mwiba. Niliviona kila mara chini ya majani makavu ya migomba, mimi nimechuchumaa, kichwa nimeinamisha, kwa muda wote niliokuwa mke wa mwanawe.

Jina lake silitaji. Sikulitaja alipokuwa hai, na sioni kwa nini nianze leo. Hata maneno yaliyofanana nalo niliyazunguka, nikatafuta mengine ya kuwekea mahali pake, mpaka watoto wa jirani wakawa wanacheka namna ninavyosema. Nitamwita Mkwe, inatosha.

Wageni huuliza mambo haya, basi nieleze mara moja tuendelee. Kwetu bondeni, kati ya Ngonga na Bujonde, mwanamke aliyeolewa hamtazami baba wa mumewe. Hamsemeshi wala hapiti mbele yake. Wakikutana njiani, mwanamke huingia porini akageuza mgongo mpaka mzee apite. Ndiyo sababu vijana waliooa walijenga kijiji chao na baba zao wakabaki katika kijiji chao, ili watu wasisumbuane kutwa. Na mzee mwenye adabu husaidia: akikaribia mahali alipo mkamwana wake, hukohoa. Ukisikia kikohozi hicho unaacha unachofanya unaondoka, uwe unapika, uwe unanyonyesha. Mimi na mume wangu tulikuwa tumebatizwa, na mwalimu wa misheni alitwambia kwamba Mungu hamkatazi mtu kumwamkia mkwewe. Tuliitikia vizuri. Lakini maji ya ubatizo yalimwagwa kichwani, hayakufika miguuni, na miguu yangu iliposikia kikohozi ilikimbia kama ilivyofundishwa na mama yangu.

Kwa hiyo mtu ninayemweleza hapa nimemjua kwa masikio, kwa mgongo, kwa visigino, na kwa mdomo wa mama mkwe, ambaye alikuwa msemaji na hakuficha kitu. Nadhani namjua kuliko waliokula naye.

Jambo la kwanza, hakujua kukaa. Nisamehewe kama nami naandika kwa kurukaruka, maana tangu wakati ule sikai kitako muda mrefu. Ukurasa huu nimeuandika vipandevipande, na katikati nimezunguka uwanja na kumfukuza kuku asiye na kosa. Mkwe alikula amesimama. Alinyolewa amesimama, na kinyozi alikuwa akimfuata uwanjani na wembe, akimwomba angalau atulize shingo. Kila alfajiri alitoka kijijini kwake akaenda mpaka mto Mbaka, akafika, akautazama, akarudi. Hakubeba nyavu wala mtungi. Aliporudi alishika jembe, na jua lilipopanda alikuwa ameshalima kwake na kwa jirani ambaye hakumwomba.

Mtu anayetembea alfajiri bila shughuli kwetu hana jina zuri. Wazee walianza kunong'ona. Anakwenda kuonana na nani huko mtoni? Anafukia nini? Wakamwita barazani na kumuuliza waziwazi. Mkwe hakukasirika. Aliwaambia atakayependa amfuate kesho. Mzee mmoja, jirani yake, mwenye tumbo na sauti kubwa, akakubali kwa niaba ya wote. Kesho yake wakatoka pamoja. Jua lilipochomoza yule mzee alirudi peke yake, anachechemea, ameshika kandambili yake ya ngozi ya ng'ombe iliyokatika, akakaa chini na kuwaambia wenzake, "Hakuna uchawi hapo. Mchawi gani atajichosha hivyo?" Maneno yakaisha siku hiyo hiyo.

Kanisani ilikuwa hivyo hivyo. Alipenda neno, alipenda zaidi nyimbo, lakini benchi lilimshinda. Alisimama nje ya dirisha. Mwalimu alimkaribisha ndani, tena kwa upole kila Jumapili. Yeye akajibu, "Hapa nasikia vizuri, baba. Nikikaa nitasinzia." Basi tulipoimba yeye alilizunguka jengo, na sisi ndani tukasikia hatua zake zinapita ukuta hadi ukuta. Mimi nilikuwa na shida yangu: hatua zikiwa upande wa ziwa, nilitazama upande wa milima, zikihamia milimani, nami nikahamia ziwani. Mume wangu alinibana kiwiko ili nisicheke. Mahubiri mengi ya siku zile siyakumbuki, ila shingo iliniuma.

Msidhani alikuwa mchapakazi tu, mtu wa kusifiwa. Boma la Wadachi lilipotaka watu wa kujenga barabara, yeye aliyekuwa akilima mashamba ya watu bure alijificha kwenye matete mpaka maji yakamfika kifuani. Walimpata, wakampeleka, akabeba mawe na mchanga huku askari akiwa nyuma na kiboko. Aliporudi, mama mkwe alishangaa: alikaa. Alikaa siku nzima mbele ya mlango, mikono magotini, hataki kula. Alipomuuliza, alimjibu, "Nimechoka lakini sikuchoka kwangu." Mama mkwe hakuelewa, akanipa mimi maneno hayo kama alivyoyapokea. Nami nimeyaelewa baadaye kwa njia yangu: mwili unaoswagwa kama mnyama haumpi mwenyewe raha yoyote, hata ukitokwa jasho namna gani.

Tena alikuwa na majivuno ya miguu. Siku za sherehe wenzake walijipaka mafuta kifuani na mabegani, yeye alianza na mashavu ya miguu, akayapaka, akayatazama, akayapaka tena. Mama mkwe alisema aliolewa na miguu miwili na mtu juu yake.

Na alikuwa mkali. Mtu akilia kwa muda mrefu alimwambia, "Simama." Mtu akilala mchana alimpigia kelele uani. Kosa lake kubwa, ambalo wengi hawakumsamehe, lilikuwa kwa mwenzake mmoja wa rika aliyejifungia ndani. Mkwe aliamua kwamba ni majonzi, akamvuta mkono mpaka shambani, akampa jembe. Kumbe yule bwana alikuwa na homa kali. Alianguka kwenye tuta, akabebwa kwa machela, na kwa muda haikujulikana kama atapona. Alipona. Toka hapo Mkwe hakumvuta mtu kabla ya kumgusa shingo na kuuliza amekula nini. Alidhani kila ugonjwa uko magotini, na ilibidi afundishwe kwa aibu kwamba mwingine uko kwenye damu.

Imani hiyo ya magoti alianza nayo wapi? Mama mkwe alinisimulia tukiwa tunapura mpunga, kabla sijaona ubaya wowote.

Zamani, Wadachi walipokuwa ndiyo kwanza wanaingia, sotoka ilipita bondeni ikamaliza ng'ombe. Wa Mkwe walikufa wote. Mtu wa kwetu na ng'ombe wake hulala nyumba moja. Asubuhi anaamka kwa pumzi yao, jioni anawafukizia moshi. Nyumba ilinyamaza. Mkwe, kijana bado, aliingia ndani akalala upande wa ng'ombe, mahali palipokuwa patupu, na hakutoka. Walimletea chakula akakigeuzia mgongo. Mama mkwe aliogopa kuacha kamba ovyo ndani ya nyumba. Aliniambia hilo kwa sauti ndogo, akaacha kupura.

Kisha akafa mtu wa rika lake, rafiki aliyelelewa naye. Kwetu mwanamume haachi kwenda kwenye mazishi ya mwenzake hata awe anatambaa. Walimwinua, wakampa mkuki, wakaenda. Na msibani kwetu wanawake hulia na wanaume hucheza: hukimbia uwanjani, huruka, hupiga ardhi kwa miguu mpaka vumbi lifunike kaburi. Mkwe alisimama pembeni kama gogo. Wenzake wakamsukuma. Akaruka mara moja kwa hasira ya kusukumwa, akaruka tena, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumtoa uwanjani. Alicheza mpaka nguo ikamganda mwilini. Jioni alirudi nyumbani, akala, akalala usingizi wa kukoroma, wa kwanza tangu ng'ombe wa mwisho aanguke.

"Asubuhi akaamka, majonzi yako palepale," mama mkwe alisema. "Lakini akaniambia, jana yalinipisha kidogo. Basi akatoka, akaenda mpaka mtoni. Ndiyo hivyo mpaka leo, mwanangu. Anaogopa akikaa yatamkuta amekaa."

Nilicheka niliposikia. Nilikuwa na mume, na mtoto wetu wa kwanza alikuwa mgongoni mwangu, amelala. Habari za watu kulala upande wa ng'ombe zilikuwa za zamani.

Mvua za mwaka uliofuata, mtoto alishikwa na homa. Hakuwa ameanza kutembea. Tulimzika nyuma ya nyumba, chini ya migomba, na maji yakajaa kaburini kabla hatujalifukia. Sisemi zaidi juu ya hilo. Miezi michache baadaye vita vya Wadachi na Waingereza vikafika mpakani, ng'ambo ya Songwe, na askari wakapita vijijini kukusanya wapagazi. Mume wangu alichukuliwa akiwa na jembe mkononi. Aliniachia jembe, akaniambia, "Nitarudi kabla mpunga haujaiva." Alisema tu kama watu wanavyosema.

Nikalala. Kwanza nililala kwa sababu nilikuwa nimechoka, halafu nikawa nachoka kwa sababu nimelala. Shamba likaota majani. Moto ulizimika nikaona shida kwenda kuomba kaa la jirani. Mama mkwe alileta maziwa ya mgando, akakaa nami, akanisuka nywele nikiwa nimelaza kichwa mapajani mwake. Mwalimu wa misheni alikuja na mkewe wakaniombea, na waliomba kwa moyo. Mimi niliitikia Amina nikiwa nimefumba macho, nikitamani waondoke. Sikutaka kufa hasa. Nilitaka kuacha kuwapo, na tofauti yake mwenye kuijua anaijua.

Asubuhi moja nikasikia kikohozi.

Kilikuwa karibu, mlangoni kabisa. Nilidhani naota, maana mzee haji nyumbani kwa mkamwana wake bila jambo kubwa, na mume hayupo. Kikaja tena. Miguu yangu, ile ile iliyoshindwa kwenda kuomba moto, ikasimama yenyewe. Nyumba zetu za mianzi zina milango pande mbili; nikavuta kaniki, nikatokea wa nyuma, nikajitupa kwenye migomba, nikachuchumaa. Nikasubiri apite.

Hakupita. Alikuja na visigino vyake mpaka mbele ya nyumba yangu, akakigeuza kinu changu, akakikalia. Mkwe, ambaye hakukaa kanisani, hakukaa barazani, alikaa juu ya kinu changu akitazama paa, akiiambia migomba kwa sauti kwamba paa hili litavuja, paa hili litavuja. Siafu wakanipanda. Jua likapanda. Nikaona sina budi kuondoka, nikazunguka kwa nyuma, nikaenda kwa jirani, nikakaa huko nikimlaani kimoyomoyo. Niliporudi kinu kilikuwa kimerudishwa kilivyokuwa.

Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa. Nikawa naamka mapema kumkwepa. Naye akaamka mapema zaidi. Nikienda kisimani kwa njia fupi, kikohozi kilikuwa mbele yangu kwenye njia ile ile, ikanibidi nikate kushoto, nipite mbali upande wa Talatala, kwenye vidimbwi na matope ya kufika magotini, ndipo nirudi na mtungi. Nikibadili njia, kikohozi kilinijia kwa nyuma. Nikiongeza mwendo, nacho kiliongeza mwendo. Nilikuwa mwanamke niliyefiwa na mtoto, mume wangu yuko vitani, na mzee huyu ananiswaga bondeni kama ndama! Nilimchukia. Nasema kweli, nilimchukia kwa nguvu ambazo sikujua kama bado ninazo. Wanawake wenzangu walisema uzee umemwingia kichwani, na kwamba mume wangu akirudi lazima baba yake alipe ng'ombe kwa utovu huu wa adabu. Lakini hakuna aliyeweza kumshtaki, maana alikuwa anakohoa. Adabu aliishika yote.

Siku moja alinifukuza mbali sana, mpaka karibu na gati la Mwaya. Huko nikakutana na mwanamke wa Kikisi aliyetoka kwenye mitumbwi na vyungu vyake kichwani, vimefungwa kwa kamba, anakwenda kuvibadilisha kwa mpunga.

"Ugonile," akaniamkia. Kisha akanitazama matope na jasho. "Mwenzangu, unakimbia nini?"

"Mkwe wangu."

"Yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa nyuma bila kugeuka. Akachungulia juu ya kichwa changu, vyungu havikutikisika.

"Yule mzee? Mbona anapumua kama mvukuto? Mmetoka naye wapi?"

"Ngonga."

"Kyala, Mungu wangu! Basi hamuwezi kukimbizana taratibu?"

Nikacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilichotoka puani, kikaniuma mbavuni kwa kukosa mazoea. Nilisimama pale nikacheka mpaka yule mama akashusha vyungu na kunipa maji. Nilipoyanywa nilisikia ladha yake, na nikasikia njaa. Nilirudi nyumbani nikapika, nikala, nikalala usiku kucha.

Asubuhi nikaamka mtoto wangu bado amekufa na mume wangu bado hayupo. Hilo halikubadilika, na atakayesema kutembea kunafuta msiba hajafiwa. Lakini nilianza kutoka kabla ya kikohozi. Kifua kilikuwa chepesi nikifika kisimani kuliko nilipotoka. Nikapalilia shamba, kwanza kitambo kidogo, halafu mpaka jua kali. Niligundua kwamba mawazo yale yale yaliyonikalia nikiwa kwenye mkeka, nikiwa na jembe mkononi yalinijia moja moja, na moja moja niliyaweza. Siku nilipomaliza kulisafisha shamba lote, kikohozi hakikuja. Wala siku iliyofuata. Nikasema ashukuriwe Mungu, mzee amepata akili. Nilikuwa sijaelewa kitu. Niliendelea kuzunguka kwa njia ya Talatala kwa sababu miguu iliizoea, nikajiambia ni kwa sababu ya hewa.

Mpunga uliiva, ukavunwa, ukapandwa mwingine. Siku Waingereza walipovuka Songwe na Wadachi wakakimbilia milimani, wapagazi wachache wakaanza kurudi, wamebaki ngozi na macho. Mmoja alimjua mume wangu. Alisema walikuwa wote mpaka Ubena, kwamba tumbo la kuhara damu lilimshika, na kwamba walimlaza kando ya njia na kumfunika kwa majani. Alisema hivyo akiwa amesimama uwanjani kwangu, akikataa kukaa. Nikampa chakula. Alipoondoka nikatoka, nikatembea mpaka giza likanirudisha.

Nitaeleza siku nyingine nilivyolia. Habari hii ni ya Mkwe.

Baada ya matanga mama mkwe alikuja kwangu, amechoka, hata hakunisalimu vizuri.

"Amelala," akasema. "Upande wa ng'ombe, kama mwaka ule. Msibani hakucheza, ulisikia? Walimsukuma, akaanguka. Chakula hataki. Nimemwambia mto uko palepale, akanigeuzia mgongo. Sasa ni mzee, mwanangu. Safari hii ataondoka."

"Homa?"

"Hana homa. Nimemgusa."

Akaona kinu changu pale mbele, akakipiga teke dogo.

"Siku zile akirudi kutoka hapa kwako magoti yalikuwa yanamtetemeka. Si kwa kutembea, kwa kutembea hakuwahi kutetemeka. Aliniambia kukalia kinu cha mkamwana ni kazi kubwa kuliko kulima bonde zima. Nikamwambia, acha basi, watu wanakucheka. Akasema, nikiacha atalala tena, na siwezi kumwambia kwa mdomo, mdomo sina. Nina kikohozi tu."

Niliona kila asubuhi ile upya, matope, siafu, paa ambalo halikuwahi kuvuja. Mzee asiyejua kukaa alikuwa amekaa kwa ajili yangu. Nilimpenda ghafla hivyo, nikiwa nimesimama na ungo mkononi, nikampenda mzee ambaye sijawahi kumwona macho.

Alfajiri nikaenda Bujonde, kijiji cha wakwe zetu, ambako mkamwana haingii kwa miguu yake.

Njiani wanawake walinisimamisha. Mmoja akanishika mkono, akasema nitaleta balaa, kwamba nikimwona mzee katika hali ile nitamchimbia kaburi. Nikamwambia sitamwona. Nilipofika nyuma ya uzio wa migomba yake, nikasimama, nikageuza uso upande, nikakohoa.

Kuku walikuwa wakichakura.

Nikakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Yule mzee mwenye tumbo na sauti akatoka nyumba ya pili. "Wewe mwanamke! Unatafuta nini huku? Unataka kummalizia mwenzetu?"

Nikapita uzio. Nikasogea hatua chache, nikakohoa, nikasogea tena. Mlango wa mianzi ulikuwa mbele yangu na mkono wangu ulikuwa umeshaugusa. Nilijua nikiufungua naye yuko ndani amelala, aibu itakuwa yake na yangu mpaka tuingie kaburini, na hakuna ng'ombe wa kuifuta. Na nilijua nisipoufungua atakufa pale kwenye sakafu ya ng'ombe, akitazama ukuta.

Ndani nikasikia sauti ya mama mkwe, kavu kabisa. "Unasikia? Ni mkamwana wako. Anaingia."

Nikausukuma kidogo. Ukalia.

"Taata, anaingia!" mama mkwe akapaza sauti.

Ndipo nikasikia kishindo, kitu kimeangushwa, labda kigoda, na mlango wa upande wa pili ukabamizwa. Nikazunguka nyumba taratibu, nimeinamisha kichwa. Chini ya majani ya migomba niliona visigino vyake. Vilikuwa vyembamba, vinaburuzika. Ule ufa wa kushoto ulikuwa mweupe, mtupu, hauna hata punje ya udongo. Hicho ndicho kilichoniliza.

Alisimama penye njia, ameshika mgomba. Nikakohoa. Akaenda mpaka mgomba wa pili. Nikakohoa. Yule mzee mwenye tumbo akasogea kando kutupisha.

"Jamani," Mkwe akaiambia migomba, kwa sauti iliyokwaruza kwa kutotumika, "watoto wa kike wa siku hizi hawana huruma hata kidogo."

Kisha akaishukuru, polepole, "Ndaga fijo," na akaanza kushuka njia ya mtoni.

Siku ile hatukufika mbali. Kesho yake tulipita shamba la jirani. Asubuhi baada ya asubuhi alitangulia na mimi nikafuata, kwa umbali ambao kikohozi hufika na macho hayafiki, na watu wa Bujonde walisema yao mpaka wakachoka. Mvua za kwanza zilipoanguka tulifika Mbaka. Nilisimama kwenye matete nikageuka upande wa milima, nikimsubiri autazame mto na kurudi. Alipita karibu yangu. Nikainamisha kichwa kama inavyotakiwa, na chini ya majani nikaona kisigino cha kushoto kinapita haraka, ufa wake umejaa udongo mweusi.